Makanisa yawasomeshe watetezi wa haki sasa, yasingoje janga jingine

Tangu Aprili 2023 taifa hili limekuwa likifukua makaburi. Katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ya waumini na watoto wao ilitolewa ardhini. Mwaka 2025 makaburi mengine yalipatikana Kwa Binzaro, si mbali na hapo, ilhali nchi ilikuwa imekwisha kuahidi kwamba jambo hilo halitatokea tena. Nani ana hatia ni suala la mahakama, nasi hatuliingilii. Linalotuhusu hapa ni namna Wakenya, na hasa wakuu wa makanisa, walivyolijibu janga hilo.

Wamelijibu kwa vikao. Kamati maalumu ya Seneti iliyoongozwa na Seneta wa Tana River, Danson Mungatana, iliwasilisha ripoti yake mwaka 2023. Jopokazi la Rais chini ya Mchungaji Mutava Musyimi, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa Baraza la Kitaifa la Makanisa (NCCK), likakabidhi yake mwaka 2024 na kupendekeza sheria mpya ya mashirika ya kidini. Tangu hapo mjadala umezunguka swali moja: mhubiri aonyeshe cheti gani kabla ya kusajiliwa? Swali lenyewe si geni. Serikali ililiuliza katika kanuni zilizotangazwa mapema 2016, makanisa yakaja juu, na baada ya muda mfupi kanuni zikaondolewa. Rwanda ilifuata njia kali zaidi: sheria yake ya 2018 iliwataka viongozi wa makanisa wawe na shahada ya masomo ya dini, ikawapa miaka 5 ya kuipata, na maelfu ya nyumba za ibada yamefungwa nchini humo.

Gazeti hili linaamini kwamba swali la cheti, hata likijibiwa vyema, halifiki kwenye kiini cha hatari. Sensa ya 2019 ilionyesha kuwa zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya ni Wakristo. Isipokuwa kanisa, hakuna chombo kingine katika nchi hii kinachokutana na watu wengi kiasi hicho kila wiki, mjini na mashambani, na kusikilizwa. Chombo hicho kinahitaji viongozi waliofundishwa hadi kiwango cha juu kusoma Maandiko kwa makini, kusoma sheria, kuelewa jinsi mamlaka inavyofanya kazi, na kujua la kufanya mnyonge anapobisha mlangoni. Viongozi wa aina hiyo wanazidi kupungua, na makanisa yenyewe hayajaona kwamba huo ni upungufu.

Wakenya wenye umri wanakumbuka enzi ambayo hali ilikuwa tofauti. Mwaka 1986 mkutano wa wachungaji wa NCCK ulipinga upigaji kura wa mlolongo wakati ambapo wanasiasa wengi walikuwa wamefyata ndimi. Askofu Henry Okullu wa Maseno Kusini, aliyesomea Mukono nchini Uganda na kisha Virginia nchini Marekani, alikuwa amehariri gazeti la Kikristo la Target, lililokuwa na pacha wake wa Kiswahili, Lengo, na mwaka 1974 akatoa kitabu kuhusu kanisa na siasa Afrika Mashariki. Timothy Njoya wa Kanisa la Presbyterian (PCEA) alikuwa na shahada ya uzamivu kutoka Princeton aliposimama katika kanisa la St Andrew's, Nairobi, Mwaka Mpya wa 1990, na kuutaja mwisho wa tawala za chama kimoja. Alexander Muge wa Eldoret alisema wazi juu ya ardhi na ufisadi hadi alipofariki katika ajali ya barabarani Agosti 1990, siku chache baada ya waziri mmoja kumwonya hadharani asikanyage Busia.

Tumtazame kwa makini zaidi Askofu David Gitari, kwa kuwa mfano wake unaeleza tunachokidai. Gitari hakuwa mpiga kelele. Mahubiri yake yalianza na kifungu cha Biblia, akakifafanua mstari kwa mstari, kisha akakiweka kando ya habari za wiki ile. Alipohubiri juu ya shamba la Nabothi, kila aliyenyang'anywa ardhi alijisikia ametajwa, na kila mnyang'anyi vilevile. Serikali ilipata taabu kumjibu kwa sababu hakuwa amesema neno ambalo halikuwamo katika Maandiko au katika katiba ya nchi. Walioshindwa kumjibu kwa hoja walivamia nyumba yake usiku mwaka 1989. Alinusurika, akaendelea, na baadaye akawa Askofu Mkuu wa Kanisa la Kianglikana. Ujasiri ule ulikuwa na elimu nyuma yake. Bila elimu ile, mahubiri yake yangekuwa hasira ya Jumapili moja, nayo hasira ya aina hiyo hunyamazishwa upesi.

Okullu alifariki 1999, Gitari 2013, na Askofu Mkuu Ndingi Mwana a'Nzeki, aliyepaza sauti kuhusu mauaji ya kikabila ya Bonde la Ufa akiwa askofu wa Nakuru, 2020. Ni makosa kudhani kwamba watu kama hao huzuka wenyewe kila kizazi. Walilelewa. Makanisa yaliwatambua wakiwa vijana, yakawalipia masomo, yakawapa kazi waliporudi, na yakawakinga waliposhambuliwa. Chuo kikuu cha St Paul's cha Limuru, ambako wengi wa viongozi wa Kiprotestanti nchini wamepitia, kilianza 1903 huko Freretown, Mombasa, kijiji walichokalishwa watu waliokombolewa utumwani, kabla ya kuhamia Limuru mwaka 1930. Elimu ya uongozi wa kanisa katika nchi yetu ilianzia miongoni mwa watu waliojua kwa miili yao maana ya dhuluma. Huo ndio urithi unaoachwa ufifie.

Gharama ya kuuacha tulianza kuilipa zamani. Uchaguzi wa 2007 uliyakuta makanisa mengi yamekwisha kugawanyika kwa misingi ya kabila na chama. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na miongoni mwao waliochomwa ndani ya kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, Januari 1, 2008. Mwezi uliofuata NCCK iliomba radhi hadharani kwa kuegemea upande. Ombi lile lilikuwa la kiungwana na tuliliheshimu. Lakini toba ya taasisi hupimwa kwa inachofanya baadaye, na baada ya 2008 hatukuona makanisa yakiwekeza katika kulea viongozi watakaotambua mapema dalili za mgawanyiko ule ndani ya kusanyiko lao wenyewe.

Badala yake, mimbari ziliendelea kukodishwa. Wanasiasa walipita kanisa hadi kanisa na mifuko ya fedha, wakikaribishwa kusema kabla ya neno la Mungu kuisha kusomwa. Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwazuia kuhutubia katika makanisa ya Kianglikana. Novemba 2024 Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilikataa mamilioni ya shilingi yaliyotolewa na Rais katika kanisa la Soweto. Maamuzi hayo tuliyapongeza. Katikati yake, hata hivyo, lilitokea jambo linalopaswa kuwanyima usingizi wakuu wa dini: Juni 2024, vijana waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha walitangaza kwamba wangeyakalia makanisa pia, kwa kuwa waliona madhabahu na jukwaa la siasa vimekuwa kitu kimoja. Hao hawakuwa maadui wa kanisa. Wengi wao walibatizwa humo na kuimba katika kwaya zake.

Amri ya askofu mkuu hufika haraka kwenye magazeti. Kufika kwa mchungaji wa kijijini, ambaye paa la kanisa lake linavuja na mbunge yuko nje na bahasha, ni safari nyingine. Mchungaji huyo anahitaji zaidi ya waraka. Anahitaji kuwa amefundishwa namna ya kuendesha fedha za kanisa kwa uwazi, namna ya kuwaeleza wazee wa kanisa kwa nini bahasha ile ina bei, na namna ya kubaki na msimamo wakati nusu ya kamati yake imekwisha kushawishika. Hayo ni maarifa, na maarifa hufundishwa.

Watu wengi wanaposikia huduma ya haki hufikiria maandamano na matamko. Sehemu kubwa ya huduma hiyo haionekani kabisa. Fikiria msichana aliyenajisiwa na jamaa yake. Mara nyingi mchungaji au mke wa mchungaji ndiye mtu wa kwanza nje ya ukoo kuambiwa. Asiyejua kitu atawakutanisha wazazi wa pande mbili, aombe, ahimize msamaha, na kuwashukuru wote kwa kulinda jina la familia. Aliyefundishwa anajua kwamba Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 hairuhusu jambo hilo kumalizwa nyumbani. Anajua kwamba dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, kwamba nguo alizovaa mtoto zisifuliwe, kwamba daktari na polisi wana fomu zao za kujaza, na kwamba mtoto asirudishwe kulala katika nyumba ile. Saa hizo 72 zikipita katika maombi peke yake, haziwezi kurudishwa. Tofauti kati ya wachungaji hao wawili haimo katika imani yao. Imo katika walichofundishwa.

Hivyo hivyo kwa mjane anayefukuzwa shambani na mashemeji siku 40 baada ya mazishi. Anayempeleka kwa Mungu lazima aweze pia kumpeleka kwa chifu, na kwa chama cha mawakili wanaotoa msaada wa kisheria, akijua kwamba Sheria ya Urithi iko upande wake. Hivyo hivyo kwa maskwota wa Pwani, ambao kwa vizazi wameishi juu ya ardhi wasiyo na hatimiliki yake, na ambao ukata na kutojua kesho viliwafanya baadhi yao kuwa tayari kusikiliza mtu yeyote mwenye ahadi. Anayetaka kuelewa namna watu wanavyofuata mhubiri hadi kwenye kifo asiishie kwenye mafundisho potofu. Aangalie pia ni nani mwingine aliyekuwa amewatembelea watu hao kabla yake.

Kazi hii ni ya hatari na huchukua miaka. Wakili Willie Kimani, aliyefanya kazi na International Justice Mission, shirika la Kikristo la kutetea wanyonge, aliuawa Juni 2016 pamoja na mteja wake na dereva wao wa teksi baada ya kutoka mahakamani Mavoko. Maafisa 3 wa polisi na raia mmoja walipatikana na hatia Julai 2022, miaka 6 baadaye. Padri John Kaiser, aliyetetea waliofurushwa kambi ya Maela, alikutwa amekufa karibu na Naivasha Agosti 2000, na mahakama ikaja kuamua mwaka 2007 kwamba aliuawa. Makanisa yanayotaka kuwatuma watu katika huduma kama hiyo bila kuwaandaa yanawatoa kafara.

Mahali pa kuwaandaa papo. Hekima, chuo cha Wajesuiti jijini Nairobi, kina taasisi ya masomo ya amani na uhusiano wa kimataifa iliyoanzishwa 2004. Chuo cha Tangaza kimefundisha huduma ya jamii kwa miaka mingi. St Paul's kimetoa masomo ya uzamili ya uhusiano kati ya Wakristo na Waislamu, somo ambalo Mombasa, Garissa na Eastleigh zinalihitaji kila siku, na ya utunzaji wa kichungaji katika jamii zilizoathiriwa na Ukimwi. Chuo kikuu cha Africa International huko Karen kilianza 1983 kikiwa shule ya uzamili ya teolojia. Nchi yetu imekuwa kitovu cha elimu hii kiasi kwamba wanafunzi huja kutoka Sudan Kusini, Kongo, Burundi na kwingineko. Wanaokosekana ni wanafunzi waliotumwa na kulipiwa na makanisa yetu wenyewe.

Makanisa yanayojenga kumbi za kukaa maelfu hayana fungu la kumsomesha mtu mmoja. Vyuo vingi vya kanisa vilivyoanza na teolojia sasa vinaishi kwa kozi za biashara, na idara ya teolojia imebaki chumba cha nyuma. Kasisi anayetaka shahada ya uzamili hutafuta mfadhili wa ng'ambo au hukopa, na akirudi hukuta hakuna kazi inayolingana na alichosomea, isipokuwa parokia ileile na mishahara ileile ya kuchelewa. Wakati huohuo shahada za uzamivu za heshima zinagawiwa hotelini kwa ada. Mtu hulala mchungaji akaamka daktari, bango likachorwa upya, na waumini wakapiga makofi. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inajua biashara hii. Kuionya hakutoshi tena. Wanaouza digrii bila idhini wafungiwe milango na kushtakiwa.

Kuna wengine wanaofungiwa nje kabisa. Mwanamke ndiye anayejaza kanisa, ndiye anayeongoza jumuiya ndogondogo, na ndiye anayebeba mizigo tuliyoitaja hapo juu, lakini hana nafasi katika orodha ya watakaosomeshwa. Nyambura Njoroge aliwekewa mikono na PCEA mwaka 1982, mwanamke wa kwanza katika kanisa hilo, na Profesa Esther Mombo amefundisha Limuru kizazi kizima cha viongozi. Baada ya miaka zaidi ya 40 majina haya yangepaswa kuwa ya kawaida. Walei nao, mawakili, wauguzi, walimu na maafisa wa kaunti waliomo makanisani, wangefaidi sana masomo ya jioni ya uongozi na haki, lakini ratiba nyingi zimepangwa kwa ajili ya makasisi pekee.

Tena kuna suala la lugha, nalo linatugusa sisi gazeti la Kiswahili. Masomo haya ya juu hufundishwa kwa Kiingereza, vitabu ni vya Kiingereza, na tasnifu hukaa kwenye rafu kwa Kiingereza. Mahubiri, ushauri, upatanisho na mabaraza ya kijiji hufanywa kwa Kiswahili na lugha za nyumbani. Mhitimu hulazimika kuanza upya kutafuta maneno ya yale aliyojifunza, na wengi hawayatafuti. Vijitabu vya Kampeni ya Kwaresima vya maaskofu Wakatoliki, ambavyo kila mwaka huzipeleka hoja za haki na utawala kwenye jumuiya ndogondogo, vimethibitisha kwamba muumini wa kawaida anaweza kujadili mambo mazito akiyapata kwa lugha yake. Vyuo vifuate.

Tunalijua pingamizi litakaloletwa. Kwamba wito hutoka kwa Roho, si darasani, na kwamba wavuvi wa Galilaya hawakuwa na shahada. Tunaliheshimu pingamizi hilo, kwa sababu historia ya nchi hii ina watu wasio na makaratasi waliosimama imara kuliko wasomi. Wafuasi wa kwanza wa Akorino walipigwa risasi na polisi wa mkoloni huko Ndarugu mwaka 1934. Mwaka huohuo Alfayo Odongo Mango, shemasi wa Kianglikana aliyeongoza vuguvugu la Roho na kudai ardhi ya watu wake, aliuawa Musanda nyumba yake ikiteketezwa. Lakini hao hawakuwa watu waliodharau kujifunza. Waliyasoma Maandiko kwa bidii na kutumia walichokipata kuihoji dola. Wanaotumia jina la Roho leo kukwepa kuulizwa maswali juu ya fedha na miili ya waumini wasijifiche nyuma yao. Nasi hatudai kwamba shahada humfanya mtu mwadilifu. Tumewaona wasomi wenye kanzu wakipokea bahasha. Tunadai kwamba mwadilifu asiye na maarifa hushindwa mapema, na wanaoumia ni waliomtegemea.

Kuhusu serikali, msimamo wetu ni mfupi. Kifungu cha 32 cha Katiba kinalinda uhuru wa kuabudu, na sheria inayolazimisha kila mhubiri awe na shahada itawanyamazisha makabwela na kuwaacha matapeli wenye fedha za kununua vyeti. Dola ishughulike na yaliyo yake: hesabu za fedha za mashirika ya kidini, usalama wa watoto, ardhi zinazogeuzwa makao ya siri, na polisi wanaopuuza taarifa. Mhubiri anayetajwa katika kesi ya Shakahola alikuwa amekamatwa mara zaidi ya moja kabla ya 2023. Kushindwa kule hakukuhitaji sheria mpya ili kuepukwa.

Jukumu la elimu ni la makanisa, na muda hauko upande wao. Shahada ya uzamili huchukua takribani miaka 2 kwa anayesoma mfululizo, na zaidi kwa anayesoma jioni huku akihudumu. Uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027. Hata wakianza muhula huu, wengi wa wale ambao wangepaswa kutuliza vijiji, kusimamia mazungumzo na kukataa fedha za kampeni watafika uchaguzini masomo yao yakiwa hayajakamilika. Hicho ndicho kipimo cha uzembe uliokwisha kufanyika. Kwa 2027 makanisa yanaweza kufanya machache: kozi fupi za upatanisho na ulinzi wa watoto kwa wachungaji wa maeneo yenye historia ya machafuko, kuanzia Molo na Kuresoi hadi Tana River, na makubaliano yaliyoandikwa baina ya madhehebu kuhusu fedha za wanasiasa. Lakini wanaosubiri hadi uchaguzi upite ndipo waanze kufikiria masomo marefu watajikuta mahali hapahapa mwaka 2032.

Kwa hiyo tunasema hivi. Kila dayosisi, jimbo na sinodi itenge kuanzia bajeti ya mwaka ujao fungu lisiloguswa kwa ajili ya masomo ya uzamili ya uongozi na haki, na itangaze idadi ya waliotumwa, wakiwamo wanawake na walei. Kila anayesomeshwa aahidiwe kwa maandishi dawati la haki na amani la kurudia, lenye mshahara na kinga ya kanisa atakapotishwa. Makanisa madogo yasiyo na uwezo yaungane kupitia NCCK na Muungano wa Makanisa ya Kiinjili kugharamia mtu mmoja mmoja kwa zamu. Vyuo vipunguze karo kwa wanaotumwa na makusanyiko maskini, vifungue masomo ya jioni Mombasa, Kisumu, Eldoret na Garissa, na viruhusu tasnifu ziandikwe kwa Kiswahili. Maaskofu na wasimamizi watakaoketi kupitisha bajeti zijazo waulizwe na waumini wao, kwa jina na mbele ya mkutano wote, wametenga kiasi gani.